Mshahara wa Mwezi, Kodi ya Miezi Sita

Walimu wa uchumi katika vyuo vya Dar es Salaam hulipwa kwa njia tatu. Wapo walioajiriwa na vyuo vya umma, ambao mishahara yao hutoka Hazina na hufuata ngazi zinazojulikana nchi nzima. Wapo wa vyuo binafsi, wenye mikataba ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, na mshahara unaotegemea ada za wanafunzi. Na wapo wa muda, wanaolipwa kwa saa, ambao majina yao hayamo kwenye orodha ya wafanyakazi ila yamo kwenye ratiba ya vipindi. Vyuoni hutenganishwa pia kwa cheo: mkufunzi ni wa chuo cha kati, anayefundisha astashahada na stashahada, na mhadhiri ni wa chuo kikuu. Mtaani wote huitwa mwalimu, na wote hununua mchele kwa bei moja.

Maelezo yanayofuata yanatokana na miaka sita, 2013 hadi 2019, ambayo mwandishi wa makala haya aliifanya kazi hiyo kwa njia mbili kati ya hizo tatu: mchana mhadhiri msaidizi wa chuo kimoja binafsi, jioni mwalimu wa muda katika chuo kingine. Humu anatajwa kama mkufunzi tu, bila kujali cheo, maana yaliyompata hayakuwa yake peke yake.

Barua ya ajira hutaja mshahara kabla ya makato. Mkufunzi alianza na shilingi 1,200,000, fedha iliyoonekana nyingi kwa kijana aliyezoea kuishi kwa bumu, posho ya mkopo wa mwanafunzi. Mshahara huohuo ukikatwa kwa viwango vya sasa, hesabu yake ni hii. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, huchukua asilimia 10, yaani 120,000. Kinachobaki, 1,080,000, hutozwa kodi ya mapato: kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, kisha kiwango hupanda kwa hatua kutoka asilimia 8 hadi 30 kwa kila shilingi inayozidi milioni moja. Kodi hapo ni 152,000. Bima ya afya, kwa chuo kilichojiunga na mfuko wa taifa, ni asilimia 3 kutoka kwa mwajiriwa, nayo ni 36,000. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Mkononi hubaki 712,000. Aliyeko chuo cha umma hupata nafuu kidogo kwa sababu PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, humkata asilimia 5 tu, lakini sura ya hesabu ni ileile.

Makato ya Bodi ya Mikopo yanastahili kusimuliwa zaidi, kwa kuwa ndiyo yaliyogawa walimu wa vyuo kwa umri. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Waliosoma katika zama ambazo serikali ililipa kila kitu walianza kazi bila deni. Waliokuja baadaye walianza kazi wakidaiwa. Hadi mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8. Mwishoni mwa mwaka huo sheria ikarekebishwa yakawa 15. Mkufunzi aliyaona kwenye karatasi yake ya mshahara mwanzoni mwa 2017: shilingi 84,000 zaidi zilikuwa zimeondoka, kiasi kilichozidi nauli yake yote ya mwezi. Wakati huohuo deni lenyewe lilikuwa likikua kwa asilimia 6 kila mwaka, kwa jina la kutunza thamani ya fedha. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta kwenye sherehe za Mei Mosi jijini Mwanza. Kwa walimu wengi hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko nyongeza yoyote ya mshahara ya miaka ile, kwani deni lilianza kushuka badala ya kukanyaga palepale.

Upande wa pili wa hesabu ni jiji. Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu milioni moja zaidi katika miaka kumi wanahitaji vyumba, na karibu vyote hujengwa na watu binafsi, chumba kwa chumba, kwa fedha za mfukoni. Ndiyo maana kodi ya nyumba jijini kwa kawaida haidaiwi kwa mwezi. Hudaiwa kwa miezi sita au mwaka mzima, na dalali huongeza yake ya mwezi mmoja.

Mwaka 2013 mkufunzi alipata chumba, sebule na jiko Kimara kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenye adabu na msimamo. Alipoombwa apokee kidogo kidogo alijibu, “Mwalimu mwanangu, mimi sipokei mwezi mwezi. Nikipokea mwezi mwezi nitakula, na nyumba ya uani itabaki bila paa.” Hakuwa na tamaa. Benki isingemkopesha fedha za mabati, kwa hiyo aliwakopa wapangaji wake, nao walimkopesha bila riba. Mkufunzi alikuwa na shahada mbili za uchumi, lakini ni kwa mama huyo alikoelewa soko la mikopo ya nyumba la Dar es Salaam.

Miezi sita ni shilingi 1,200,000, na dalali 200,000. Jumla 1,400,000 zilihitajika siku moja, kutoka kwa mtu ambaye akaunti yake ilikuwa haijawahi kuingiza 800,000 kwa mwezi. Hapo ndipo lilipo tatizo la mwalimu wa chuo mjini, na takwimu za kawaida hulipita. Ukigawa kodi ya mwezi kwa mshahara wa mwezi utapata zaidi kidogo ya robo, uwiano ambao kitabu chochote kitauita wa kuridhisha. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipima mfumuko wa bei wa asilimia 3.8 kwa mwaka 2023 na 3.1 kwa mwaka 2024, na hakuna sababu ya kubishana na vipimo hivyo. Ila kipimo cha bei huuliza kitu kinauzwa kiasi gani. Hakiulizi kinadaiwa lini. Mshahara huja vipande kumi na viwili vinavyolingana, na jiji hudai kwa mafungu: kodi Januari na Julai, ada ya shule ya mtoto kila muhula, mchango wa msiba siku isiyojulikana, tairi la pikipiki linapopasuka. Vidogo vidogo vya kila siku, umeme wa LUKU, maji, gesi, bando, nauli, unga na maharage, hula kile ambacho kingewekwa kwa ajili ya mafungu hayo.

Wafanyakazi wa mjini wana dawa yao ya zamani kwa ugonjwa huu, na wenzake mkufunzi waliitumia kwa namna inayostahili kuingizwa vitabuni. Wahadhiri sita wa idara moja, wote wakilipa kodi inayokaribiana, walianzisha mchezo. Kila mwezi kila mmoja alitoa 200,000, na mmoja akabeba 1,200,000. Zamu ziliwekwa kufuata mwezi ambao kila mtu alidaiwa na mwenye nyumba wake. Baada ya miezi sita mzunguko ulianza upya, kodi nyingine ikiwa imefika. Bila mkopo wala riba, kodi ya miezi sita ilikuwa imegeuzwa kuwa kodi ya mwezi. Wa kwanza katika zamu alikuwa mkopaji, wa mwisho mweka akiba, na nafasi hizo zilibaki hivyo kwa sababu za kalenda, si za upendeleo.

Mchezo ule ulikwenda mizunguko mitatu. Mwaka wa pili chuo kilichelewesha mishahara kwa miezi miwili, ada zikiwa hazijalipwa, na siku ya kutoa fedha za mchezo washiriki wote sita walikosa pamoja. Mwenye zamu alikuwa na mke aliyejifungua wiki hiyo. Kosa lilikuwa wazi kwa yeyote anayefundisha mada ya bima: hatari za wanachama hazipaswi kutokea kwa wakati mmoja, nao walikuwa wamejikusanya chini ya mwajiri mmoja. Hakuna aliyeliona mapema, ingawa wawili kati yao walikuwa wakiifundisha mada hiyo. Mchezo uliofuata ulichanganya watu: muuguzi wa hospitali ya umma, fundi cherehani wa Sinza, muuza vitenge wa Kariakoo, wahadhiri wawili tu. Huo ulidumu.

Baada ya kodi huja umbali. Chuo kilikuwa katikati ya mji, na mwaka 2013 Barabara ya Morogoro ilikuwa ikichimbwa kwa ajili ya njia za mabasi ya mwendokasi. Kutoka Kimara hadi mjini kulichukua saa mbili, siku ya mvua tatu. Mkufunzi aliondoka nyumbani saa 11 alfajiri ili awahi kipindi cha saa 2, na alijifunza kusahihisha kazi za wanafunzi akiwa amesimama kwenye daladala, karatasi zikiwa zimebanwa na kifua. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, safari ileile ilishuka hadi chini ya saa moja. Mwaka huohuo mwenye nyumba aliongeza kodi kwa 50,000, akieleza kuwa barabara imekuja.

Nadharia inayoeleza ongezeko hilo ina karibu karne mbili. Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba wa Ujerumani, aliandika mwaka 1826 kwamba kodi ya ardhi hupanda kadiri gharama ya kufika sokoni inavyopungua. William Alonso aliipeleka nadharia hiyo mijini mwaka 1964. Kwa lugha ya Kimara, nafuu ya usafiri humfikia mpangaji kwanza, kisha huhamia kwa mwenye nyumba. Mkufunzi alipiga hesabu ya saa alizookoa akakuta 50,000 ni bei ya haki kabisa. Lakini haikudaiwa kama 50,000. Ilidaiwa 300,000 za miezi sita, kwa mkupuo, juu ya zile za kawaida, na hakuwa nazo. Akahamia Kibamba, mbele ya mwisho wa njia ya mwendokasi, ambako kodi ilikuwa nafuu na saa zikarudi kupotea.

Kufundisha jioni kulianza kama njia ya kupata fungu la kodi. Chuo cha pili kililipa shilingi 15,000 kwa saa. Somo la uchumi mdogo lilikuwa na saa tatu kwa wiki kwa wiki 15, yaani saa 45, hivyo malipo ya muhula ni 675,000. Iliyolipwa ni saa ya kusimama darasani tu. Kuandaa kulichukua angalau saa nyingine 45, na mitihani 120 ikisahihishwa kwa robo saa kila mmoja ni saa 30. Shilingi 15,000 zikawa 5,625, kabla ya nauli na kabla ya kodi. Na hazikulipwa kwa mwezi. Zililipwa baada ya matokeo kuwasilishwa, mara nyingine katikati ya muhula uliofuata, kwa hiyo mwalimu aliyekwenda huko kutafuta fedha za Julai alizipata Novemba. Hakuna kifungu cha mkataba kilichovunjwa. Mkataba haukutaja tarehe.

Darasa lile la jioni lilikuwa zuri kuliko yote aliyofundisha. Wanafunzi walikuwa watu wazima: makarani wa benki, wahudumu wa forodha, mwanamke mmoja mwenye duka la vipodozi. Kipindi cha gharama ya fursa, kile unachokiacha unapochagua kingine, hakikuhitaji mifano ya kitabuni. Mwenye duka aliuliza, “Mwalimu, na wewe saa hizi umeacha nini?” Lilikuwa swali la heshima, na lilijibiwa kwa ukweli: kusoma. Kwa miaka mitatu mkufunzi hakuwa amesoma kitabu kipya cha fani yake kutoka jalada hadi jalada. Alifundisha kwa maandishi aliyoyaandaa mwaka wa kwanza, akibadilisha tarehe.

Hali hii ya mishahara miwili ina historia. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao na kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akitaka pengo kati ya wasomi na wakulima lipungue. Miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Katika zama hizo mhadhiri wa Mlimani alipewa nyumba chuoni, akaenda darasani kwa miguu, na mshahara wake, hata ukiwa mdogo, haukupambana na dalali. Kisha bei zikapanda. Katikati ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 30 kwa mwaka, na mishahara haikuufuata. Walimu wa chuo kikuu walifuga kuku na ng’ombe, wakalima bustani, wengine wakaendesha teksi. Shughuli hizo ziliitwa miradi, na mtaalamu wa siasa Aili Mari Tripp alizieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza miiko, na mishahara miwili ikawa kawaida.

Walimu wa uchumi walikuwa na njia ya kutoka ambayo wenzao wa historia au isimu hawakuwa nayo. Katika vyuo vya umma wote wa daraja moja huanzia ngazi moja ya mshahara, lakini mchumi anatafutwa na benki, wizara na mashirika. Benno Ndulu alifundisha Mlimani kabla ya kwenda Nairobi, Benki ya Dunia na hatimaye kuwa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018. Philip Mpango naye alifundisha uchumi pale kabla ya safari iliyomfikisha Umakamu wa Rais mwaka 2021. Nchi ilifaidika na utumishi wao. Idara, kwa upande wake, ilipaswa kuwatafuta warithi kwa mshahara uleule.

Jitihada moja ya kuwazuia wachumi vyuoni ilikuwa ya busara. Mwaka 1988 ulianzishwa mjini Nairobi mtandao wa utafiti wa uchumi Afrika, AERC, ukitoa ruzuku kwa walimu ili wafanye utafiti wakiwa vyuoni mwao. Fedha zilikuja pamoja na usomaji, mijadala na uhakiki, si badala yake. Ushauri elekezi wa miaka iliyofuata haukuwa hivyo. Ripoti ya mradi huandikwa kwa mteja, hulipwa, na hufungiwa kabatini. Mahmood Mamdani aliliandikia kitabu suala la chuo kugeuzwa soko, akichukua mfano wa Makerere, mwaka 2007. Aliyepitia madarasa ya jioni ya Dar es Salaam atayatambua mengi aliyoyaeleza.

Nairobi inafaa kulinganishwa. Huko mpangaji kwa kawaida hulipa kodi kila mwezi, na huweka amana inayolingana na mwezi mmoja. Mhadhiri wa Nairobi hana Januari na Julai za Dar es Salaam. Yeye ana tatizo la mwajiri: mwaka 2025 walimu wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya waligoma kwa siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za Kenya, malimbikizo ya makubaliano yaliyosainiwa miaka kadhaa nyuma, na wahadhiri wa muda wamezoea kungoja malipo kwa miezi mingi. Majiji mawili yana desturi tofauti za kodi, lakini mwalimu wa pande zote mbili huumizwa na tarehe kabla ya kuumizwa na kiasi.

Kiasi nacho kina uzito wake. Shilingi 712,000 ni kidogo kwa mtu mwenye shahada ya uzamili, mke na watoto wawili, na hakuna mpangilio wa tarehe utakaoigeuza kuwa nyingi. Kupandisha mishahara kunahitaji bajeti ya serikali au ada kubwa zaidi, na mijadala hiyo huchukua miaka. Kurekebisha tarehe hakuhitaji. Chuo kinachomlipa mwalimu wa muda kila mwisho wa mwezi kwa saa alizofundisha hakitumii shilingi moja zaidi ya kile kinachomlipa baada ya muhula. Chuo kinachomkopesha mwajiriwa kodi ya miezi sita bila riba na kuikata kwa miezi sita kinahitaji fungu dogo linalozunguka, kama ule mchezo wa watu sita, na kina nguvu ya kuubeba mwezi mbaya ambao wao hawakuweza kuubeba.

Mwaka 2019 mkataba wa mkufunzi uliisha, naye hakuuhuisha. Alikwenda kufanya kazi ya takwimu katika shirika lisilo la kiserikali, ambako mshahara ulikuwa mkubwa mara mbili na nafasi yake chuoni ikajazwa na kijana aliyetoka kumaliza shahada ya uzamili, mwenye deni la Bodi ya Mikopo. Wajumbe wa mabaraza ya vyuo wanaosoma haya wanaombwa waanze na jambo moja, kabla ya muhula ujao kufunguliwa: waweke tarehe ya malipo kwenye mkataba wa mwalimu wa muda, na tarehe hiyo iwe ya kila mwezi.